Kutoka Symbian hadi Qt: wasanidi walioambiwa wajifunze, kisha wakaambiwa waache

Tarehe 21 Oktoba 2010 Nokia iliwatangazia wasanidi wa programu za simu kwamba njia sasa ni moja, nayo ni Qt, seti ya zana na maktaba za kuandikia programu. Aliyetaka programu yake ifanye kazi kwenye simu za Symbian, mfumo endeshi wa Nokia wa wakati huo, zilizokuwa tayari mikononi mwa watu, na pia kwenye simu za MeeGo, mfumo mpya uliokuwa unaandaliwa, alishauriwa aelekeze nguvu zake huko. Tarehe 11 Februari 2011, siku ya Ijumaa, kampuni hiyohiyo ilisimama London pamoja na Microsoft na kusema kwamba simu zake janja zitatumia Windows Phone, mfumo wa Microsoft. Qt haikuwa na nafasi kwenye mfumo huo mpya. Kati ya tangazo la kwanza na la pili haikutimia hata miezi minne.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kwa upande wa wakubwa: Stephen Elop aliyetoka Microsoft na kushika uongozi wa Nokia Septemba 2010, waraka wake uliovuja wenye mfano wa jukwaa linaloungua, na mabishano yasiyokwisha kuhusu nani aliiua kampuni. Hayo nayaacha. Ninayemfuata hapa ni msanidi wa nje, yule ambaye hakuajiriwa na Nokia lakini alikwishapakua zana za kampuni hiyo, akasoma vitabu vyake, akalipia vyeti na kujenga jina kwenye wiki yake, yaani tovuti ya maelezo inayoandikwa na watumiaji wenyewe. Siku mwenye mfumo anapogeuza njia, mtu huyu anabaki na nini mkononi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba chanzo huria, yaani msimbo ulio wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili, humwokoa. Kisa chenyewe kinakataa. Msimbo wote wa Symbian ulifunguliwa kwa umma mwezi Februari 2010, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa umekwisha kama mradi wa watu wote. Qt nayo ilikuwa huria, na inatumika hadi sasa. Leseni peke yake haielezi kwa nini mambo yalikwenda hivyo.

Kwanza tuone msanidi wa Symbian alikuwa amewekeza nini, maana uwekezaji wenyewe haukuwa mdogo. Symbian Ltd iliundwa London mwaka 1998 na Psion, Nokia, Ericsson na Motorola, ikirithi EPOC, mfumo endeshi wa kompyuta za mkononi za Psion. Waliousanifu walikuwa na hofu moja kubwa: kumbukumbu. Kifaa kilikuwa na kumbukumbu finyu na betri ndogo, na mwenye nacho hakutarajiwa kukizima na kukiwasha kila siku. Programu inayovujisha kumbukumbu kidogokidogo haimsumbui sana mtu wa kompyuta ya mezani. Kwenye simu inayokaa wiki kadhaa bila kuzimwa, uvujaji huohuo utaimaliza kumbukumbu yote, na hapo hata simu ikipigwa huenda isipokelewe.

Kwa sababu hiyo C++, lugha ya kuandikia programu, ilikuwa na sheria zake kwenye Symbian ambazo mwanafunzi wa C++ ya kawaida hakuwahi kuziona. Fanksheni yoyote (kipande cha msimbo kinachoitwa kufanya kazi fulani) inayoweza kukatizwa njiani, kwa mfano kwa kukosa kumbukumbu, jina lake liliishia na herufi kubwa L. Kitu kipya ulichokitengea kumbukumbu ulitakiwa ukisukume kwenye rundo maalumu la usafi kabla ya kuita fanksheni ya namna hiyo, ili mambo yakikatika mfumo ujue cha kufuta. Ukifika mwisho salama, unakitoa mwenyewe. Vitu vilijengwa kwa awamu mbili: kwanza kinatengewa nafasi bila kufanya lolote linaloweza kushindikana, kisha fanksheni iitwayo ConstructL inakwenda kuomba rasilimali. Majina ya klasi yalianza na C, T, R au M, na kila herufi ilikuwa na masharti yake kuhusu nani anakifuta kitu na lini. Hata maandishi ya kawaida, jambo ambalo lugha nyingine hulimaliza kwa aina moja, yalikuwa na ukoo mzima: yanayobadilika na yasiyobadilika, yanayokaa ndani ya fanksheni na yanayoomba kumbukumbu nje, kila moja na jina lake.

Sheria hizi hazikuwa ukorofi. EPOC ilisanifiwa miaka ya 1990 ya kati, wakati namna ya kawaida ya C++ ya kushughulikia makosa ilikuwa haijakomaa kwenye kompaila nyingi, yaani programu zinazogeuza msimbo uwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, kwa hiyo wakabuni ya kwao. Ilifanya kazi vizuri kwa wakati wake. Tatizo ni kwamba wakati ulisogea na sheria zikabaki, na kila mwanafunzi mpya alilipa ada ya maamuzi yaliyofanywa kwa ajili ya vifaa ambavyo havikuwepo tena sokoni.

Halafu kukaja toleo la 9, ambalo simu zake zilianza kuuzwa mwaka 2006. Programu za matoleo ya nyuma hazikufanya kazi humo mpaka zikompailiwe upya na kurekebishwa. Mfumo mpya wa usalama ulizigawa kazi za simu kwa ruhusa, na programu iliyotaka ruhusa nyeti ilipaswa kutiwa sahihi kupitia utaratibu wa Symbian Signed. Wazo lilikuwa zuri, na mifumo yote ya leo ina kitu cha namna hiyo. Ila fikiria hali ya mtu mmoja anayejifunza nyumbani: ili ajaribu ruhusa fulani kwenye simu yake mwenyewe, alihitaji cheti kilichofungwa kwenye IMEI, namba ya utambulisho ya simu hiyo. Akibadili simu, anaomba cheti upya. Kampuni yenye ofisi ilivumilia. Mwanafunzi aligeuza kichwa akatazama kwingine, na kuanzia 2008 kwingine huko kulikuwepo, kwa maana Apple na Google walikuwa wamekwishafungua milango.

Zana nazo zilikuwa na tabia zake. Carbide.c++, programu ya kuandikia msimbo iliyojengwa juu ya Eclipse, ilifanya kazi kwenye Windows na ilitegemea lundo la hati za lugha ya Perl zilizojificha nyuma yake. Kiigizi cha simu hakikuiga prosesa ya ARM, ile ya simu, kabisa. Kilikuwa ni Symbian iliyokompailiwa kwa prosesa ya kompyuta. Matokeo yake programu ingeweza kupita majaribio yote mezani, ikafika kwenye simu halisi na kuanguka. Ikianguka, mtumiaji wa kawaida haoni lolote isipokuwa programu kutoweka. Msanidi aliyewasha taarifa za kina alipata kitu kama KERN-EXEC 3, maana yake umegusa kumbukumbu isiyo yako, au E32USER-CBase 46, maana yake ujumbe umefika kwa kitu ambacho hakikujiandikisha kuupokea.

Hapo ndipo jamii ilipoonyesha thamani yake. Miongozo rasmi ilieleza namba hizi kwa sentensi moja kavu. Maelezo ya kweli, yale ya kusema kwamba umesahau kuita fanksheni ya SetActive baada ya kutuma ombi na hii ndiyo sababu unapata 46, yaliandikwa na wasanidi wenyewe kwenye wiki ya Forum Nokia, jukwaa la Nokia la wasanidi, na kwenye majibu waliyopeana. Nokia ililielewa hilo na kulikuza. Ilikuwa na mpango wa kuwatambua wachangiaji bora kwa jina la Forum Nokia Champions, na huduma ya kujaribu programu kwenye simu halisi zilizounganishwa kwa mbali, jambo la maana sana kwa asiyeweza kununua kila aina ya simu. Symbian nayo ilikuwa na vitabu vyake vilivyotolewa pamoja na mchapishaji Wiley, na mtihani wa kumthibitisha mtu kuwa msanidi wa Symbian. Kwa viwango vya wakati ule, nadhani hakuna kampuni ya simu iliyowahudumia wasanidi wa nje kwa upana huo. Nasema hivi makusudi, kwa sababu wapo wanaoeleza anguko la Symbian kana kwamba wasanidi walipuuzwa. Walihudumiwa sana. Walihudumiwa katika kuvumilia zana ngumu.

Qt ilikuja kama dawa. Trolltech, kampuni ya Oslo iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuwa imeitengeneza kwa ajili ya programu za kompyuta za mezani, na Nokia iliinunua kampuni hiyo mwaka 2008. Machi 2009 toleo la 4.5 lilitoka likiwa na leseni ya LGPL, iliyomruhusu msanidi kutengeneza programu ya kuuza bila kulipia Qt na bila kulazimika kufungua msimbo wake. Desemba 2009 toleo la 4.6 likafika Symbian. Mwaka uliofuata likaja 4.7 na QML, lugha ya kuelezea skrini kwa maneno machache: hapa weka mstatili, rangi yake hii, ukiguswa fanya hivi. Rundo la usafi likatoweka machoni pa msanidi, ukoo wa maandishi ukawa aina moja, na sehemu kubwa ya msimbo iliweza kuandikwa na kujaribiwa kwenye Linux, Mac au Windows kabla ya kugusa simu.

Haikuwa laini kila mahali. Simu nyingi za Symbian zilizokuwa mikononi mwa watu hazikuwa na maktaba za Qt ndani yake, kwa hiyo programu ndogo ililazimika kuja na kisakinishi kinachokwenda kuzivuta maktaba hizo mtandaoni mara ya kwanza. Mtu mwenye kifurushi kidogo cha data aliishia njiani. Hata hivyo, aliyejifunza Qt mwaka 2010 alikuwa na sababu ya kuamini amepata chombo cha miaka mingi, na tangazo la Oktoba lilimthibitishia.

Kisha Ijumaa ile ya Februari 2011. Nokia iliwahakikishia wasanidi kwamba inatarajia kuuza simu nyingine za Symbian zipatazo milioni 150 katika miaka itakayofuata. Wanachama wa mpango wake wa Launchpad waliahidiwa simu ya E7 na, ikishatoka, simu ya Windows Phone, zote bure. Takwimu ya milioni 150 ilikusudiwa kutuliza. Msanidi anayejua hesabu aliisoma vingine: mwenye duka mwenyewe ameshatangaza kwamba anafunga, sasa nani atawekeza mwaka wa kazi kwenye rafu zake? Symbian wakati huo bado ilikuwa na zaidi ya theluthi moja ya simu janja zilizouzwa duniani mwaka 2010. Wahenga walionya kuhusu kuacha mbachao kwa msala upitao, na hapa mbachao wenyewe ulikuwa bado umejaa watu walioketi.

Kuhamia Windows Phone 7 hakukuwa kuhama kwa kawaida. Mfumo huo haukumruhusu msanidi wa nje kuandika C++ kabisa. Lugha ilikuwa C# au nyingine ya .NET, skrini zikiandikwa kwa Silverlight na michezo kwa XNA, ndani ya Visual Studio, juu ya Windows, zote zikiwa zana za Microsoft. Zana zilikuwa nzuri, na kusema kweli mtu aliyetoka Carbide alipumua. Lakini hapakuwa na mstari hata mmoja wa msimbo wake ambao angeweza kuubeba. Si wa Symbian wala wa Qt. Alibeba picha za vitufe na mantiki iliyokuwa kichwani.

Aliyekubali kuhama alipewa somo la pili mwaka 2012. Windows Phone 8 ilitangazwa mwezi Juni mwaka huo, na simu zilizokuwa na toleo la 7, zikiwemo simu za Lumia za Nokia zilizokuwa na miezi michache tu sokoni, hazikuweza kupandishwa. Mfumo wa ndani ulikuwa umebadilishwa. C++ ikaruhusiwa, XNA ikawekwa kando. Baadaye zikaja njia nyingine za kuandika programu kwa toleo la 8.1, kisha nyingine kwa Windows 10, mpaka Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 Mobile. Kwa upande wa Symbian, duka la Nokia liliacha kupokea programu mpya na masasisho ya Symbian na MeeGo kuanzia Januari 2014. Maana yake hata kurekebisha hitilafu kwenye programu ambayo watu walikwishainunua hakukuwezekana tena kupitia duka.

Sasa turudi kwenye msimbo huria wa Symbian, maana hapo ndipo nadhani kuna la kujifunza kuliko kwenye siasa zote za Februari. Mwaka 2008 Nokia iliamua kununua hisa za wenzake katika Symbian Ltd na kuukabidhi mfumo kwa taasisi isiyo ya faida, Symbian Foundation. Februari 2010 msimbo wote ukawekwa wazi, sehemu kubwa chini ya leseni ya Eclipse. Ulikuwa miongoni mwa ufunguzi mkubwa kabisa wa msimbo uliowahi kufanywa. Novemba mwaka huohuo taasisi ikatangaza kwamba itabaki kusimamia leseni tu, na tarehe 17 Desemba 2010 tovuti zake zikafungwa. Aliyetaka msimbo, wiki, orodha ya hitilafu au nyaraka alielezwa kwamba vingepatikana kwa maombi, pengine kwa DVD au diski ya USB. Watu wa kujitolea walikimbizana kunakili walichoweza kabla ya siku hiyo. Mwaka 2011 Nokia ilianza kutoa msimbo wa Symbian kwa wabia wake, na ikafafanua kwamba huo haukuwa tena mradi wa chanzo huria.

Nakala za 2010 hazikuwa haramu. Leseni haiwezi kurudishwa nyuma. Kwa hiyo kisheria mtu yeyote angeweza kuichukua Symbian na kuiendeleza. Hakuna aliyeifikisha mbali, na sababu zake ni za karakana zaidi kuliko za sheria. Mfumo ulizoea kukompailiwa kwa RVCT, kompaila ya kulipia ya ARM. Juhudi za kuuhamishia kwenye kompaila huria zilianza, ila zilikuwa bado changa taasisi ilipofungwa. Simu zilizouzwa madukani hazikukubali mfumo usio na sahihi ya mtengenezaji, kwa hiyo hata ukifanikiwa kuukompaili, huna pa kuuweka isipokuwa kwenye mbao za majaribio kama BeagleBoard. Na waliouelewa mfumo kwa undani karibu wote walikuwa waajiriwa wa kampuni zilezile. Wapatao 2,300 wa upande wa Nokia walihamishiwa Accenture, kampuni ya huduma za teknolojia, mwaka 2011. Msimbo ulikuwa mkononi mwa umma, lakini kompaila, kifaa cha kuujaribia na watu wa kuuelewa vilikuwa kwa wengine.

Qt ilikuwa na hali tofauti kwenye kila kimoja kati ya hivyo. Ilikompailiwa kwa GCC, kompaila huria, na kompaila nyingine za kawaida. Ilifanya kazi kwenye kompyuta yoyote, kwa hiyo hakuhitajika mtengenezaji wa simu atoe kibali. Ilikuwa na watumiaji wengi ambao simu haziwahusu, wakiwemo KDE, mradi wa mazingira ya mezani ya Linux ambao umejengwa juu ya Qt tangu mwanzo wake. Na ilikuwa na mkataba.

Mkataba huo ni wa mwaka 1998. Qt ya wakati ule haikuwa huria kwa vigezo vya jamii ya programu huria, na wengi waliwashutumu watu wa KDE kwa kujenga nyumba kwenye kiwanja cha mwenzao. Jibu lao lilikuwa kuunda pamoja na Trolltech chombo kiitwacho KDE Free Qt Foundation. Kiini chake ni hiki: mwenye Qt akiacha kutoa toleo huria kwa miezi 12, chombo hicho kina haki ya kuitoa Qt chini ya leseni nyepesi ya mtindo wa BSD, ambayo humruhusu yeyote kufanya nayo karibu lolote. Kwa kampuni inayouza leseni za Qt, hilo ni pigo la biashara, na ndiyo maana kifungu hicho kinaheshimiwa bila kuhitaji kutumika. Trolltech iliponunuliwa, mkataba ulimfuata mnunuzi. Nokia haikuwa na njia ya kuifunga Qt hata kama ingetaka.

Kwa hiyo Qt ilihama mikono bila kuvunjika. Machi 2011 Digia, kampuni ya Ufini, ilinunua biashara ya leseni za kulipia. Oktoba 2011 ukaanza Qt Project, ambamo watu wa nje waliweza kupitisha mabadiliko kwa utaratibu uleule wa waajiriwa. Agosti 2012 Digia ikatangaza kununua kilichobaki. Jambo linalonivutia zaidi lilitokea pembeni: mwanzoni mwa 2011, katika kipindi kilekile Nokia ilipokuwa ikigeuka, mradi wa kujitolea uitwao Necessitas ulitoa Qt inayofanya kazi kwenye Android. Hakuna kampuni ya simu iliyouagiza. Kazi hiyo baadaye iliingizwa kwenye Qt yenyewe, na toleo la 5.2 la Desemba 2013 likatoka likiihudumia Android na iOS rasmi. Msanidi aliyevumilia miaka hiyo miwili na ushee aliweza kuufufua msimbo wake wa 2010 kwenye simu ambazo Nokia ilikuwa ikishindana nazo.

Sitaki kuipamba Qt kuliko inavyostahili. Kati ya 2011 na 2013 mtu anayeishi kwa kuuza programu za simu hakuweza kula matumaini. N9 ya Nokia, simu ya MeeGo iliyosifiwa sana, iliuzwa katika baadhi ya nchi tu na haikupata mrithi. BlackBerry 10 ilitumia Qt, nayo ikafifia. Jolla ya Ufini, iliyoanzishwa na waliotoka Nokia, iliendelea kwa kiwango kidogo. Wengi walijifunza Java au Objective-C, lugha za Android na iPhone, wakaenda walikokuwa wateja, na walifanya sawa. Qt ilistawi zaidi kwenye skrini za magari, vifaa vya hospitali, mitambo ya viwandani na programu za mezani kama Telegram Desktop. Kwa aliyeijua, ajira ilikuwepo, ila si ile aliyoitarajia.

Vipi kuhusu aliyebaki na C++ ya Symbian pekee? Cheti cha mtihani hakikumsaidia. Nadhani walichobaki nacho ni tabia: kuhesabu kila ombi la kumbukumbu, kuandika programu inayosubiri matukio badala ya kuzunguka bure na kula betri, kudhani kwamba kila kitu kinaweza kushindikana katikati. Programu za vifaa vidogo visivyo na skrini zinadai tabia hizohizo. Lakini mafunzo ya Symbian hayakuzifundisha kwa majina ya jumla. Yalizifundisha kwa majina ya ndani, hivyo mtu alihitaji kuzitafsiri mwenyewe kabla ya kuzieleza kwenye usaili wa kazi.

Ningekuwa namshauri mtu anayechagua zana leo, kisa hiki kingenifanya niulize maswali yasiyoulizwa mara nyingi. Je, ninaweza kuijenga zana hii tangu msimbo wake, kwenye kompyuta yangu, kwa kompaila ambayo mwenye zana haimiliki? Je, wapo wanaoitegemea kwa kazi nyingine kabisa, kiasi kwamba mwenyewe akiondoka wao hawataondoka? Na majibu ya jamii yamehifadhiwa wapi, kwenye seva ya nani? Flutter na React Native, zana za kuandikia programu za simu, zilianzia Google na Meta, zote kwa leseni nyepesi, na hilo ni jema. Lakini kama Symbian inavyoonyesha, leseni ni nusu ya safari. Kotlin, lugha ya kuandikia programu, iliundwa na JetBrains na ina taasisi inayoshirikisha Google, na ina watumiaji upande wa seva wasiojali simu. Xamarin, iliyomruhusu mtu wa C# kuandika programu za Android na iOS, iliacha kuhudumiwa na Microsoft Mei 2024, na watumiaji wake wakaelekezwa kwenye .NET MAUI. Angalau hao walipewa njia ya kuhama na lugha yao.

Mkataba wa KDE nao haujalala. Januari 2020 The Qt Company, iliyozaliwa kutoka Digia, ilitangaza kwamba matoleo ya kuhudumiwa muda mrefu yatakuwa ya wateja wa kulipia pekee. Aprili mwaka huo mwakilishi wa KDE kwenye chombo kile aliandika hadharani kwamba kampuni inafikiria kuchelewesha kila toleo huria kwa miezi 12, muda uleule ambao mkataba unauvumilia. Kampuni ikajibu kwamba huo si mpango wake. Qt 6.0 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na toleo huria kama kawaida. Ila marekebisho ya Qt 5.15 ya wateja wa kulipia yakaanza kufika kwa umma baada ya mwaka mmoja, na mwaka 2021 KDE ilianza kutunza mkusanyiko wake wenyewe wa marekebisho ya toleo hilo, ukichukua yale ya Qt 6 na kuyarudisha nyuma.